Ruaha kwa gari lako: anza na maji, mafuta na saa za mchana

Kiangazi kinapokaribia, wanaotamani kwenda kupiga kambi hifadhini huanza na swali la gari. Land Cruiser au Prado? Hilux itafika? Ya kukodi, au tuazime ya shemeji? Swali hilo lina nafasi yake, nami nitalifikia. Lakini kwa hifadhi kama Ruaha, gari ni jambo la nne. Yanayotangulia ni maji, mafuta na saa za mchana, na hayo huhesabiwa nyumbani, kwa kalamu na karatasi, kabla fundi hajaitwa.

Naitaja Ruaha kwa makusudi. Ina karibu kilometa za mraba 20,000, yaani kama robo tatu ya nchi nzima ya Rwanda. Ilitangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 1964, ikaongezewa eneo la Usangu mwaka 2008, na ndiyo iliyokuwa kubwa kuliko zote Tanzania mpaka ilipoanzishwa Hifadhi ya Nyerere mwaka 2019. Wageni wake ni wachache ukilinganisha na Serengeti. Unaweza kuendesha asubuhi nzima kando ya mto ukapishana na magari mawili tu. Uzuri huo una gharama yake: ukikwama, anayeweza kukuvuta huenda asipite mpaka kesho.

Jambo jingine linaloifanya Ruaha kuwa ya pekee ni kwamba ipo mahali ambapo mimea ya nchi kame ya kaskazini inakutana na miombo ya kusini. Ndiyo maana ndani ya hifadhi moja utawakuta tandala mkubwa na tandala mdogo, palahala na korongo, na swala granti akiwa karibu na mwisho wa eneo lake la kusini. Mbwa mwitu wapo, simba wapo kwa wingi, na ndege waliokwisha kuorodheshwa ni zaidi ya aina 500. Mibuyu imejaa kila upande, mingi ikiwa imechunwa magome na tembo wanaotafuta unyevu wakati wa ukame.

Ukame huo ndio msingi wa mipango yote. Mto Ruaha Mkuu, unaoilisha hifadhi, hukusanya maji ya mito inayoshuka kutoka nyanda za juu, ukapita bonde la Usangu na ardhioevu ya Ihefu, ndipo ukaingia hifadhini. Zamani ulitiririka mwaka mzima. Tangu mwaka 1993 umekuwa ukikauka sehemu ya hifadhi karibu kila kiangazi, sababu kubwa ikiwa ni maji yanayochepushwa huko juu kwa kilimo cha umwagiliaji, hasa cha mpunga. Ifikapo Septemba na Oktoba, kinachobaki katika sehemu kubwa ni madimbwi, na viboko hubanana humo pamoja na mamba. Kwenye Mwagusi, mto wa mchanga, tembo huchimba kwa miguu na mikonga mpaka maji yajitokeze, na wanyama wengine husubiri zamu nyuma yao. Maji ya mto huu ndiyo yanayosubiriwa Mtera na Kidatu kuzalisha umeme, kisha huingia Rufiji. Anayewasha taa Dar es Salaam ana uhusiano na mchanga ule, ajue asijue.

Kwa anayepanga safari, maana yake ni mbili. Ya kwanza ni njema: miezi ya Juni hadi Oktoba, na hasa miwili ya mwisho, wanyama hawajifichi, kwa kuwa maji yaliyobaki yanajulikana yalipo. Ya pili ni kwamba usiende Ruaha ukitegemea maji ya kuchota njiani. Yapo maji kwenye baadhi ya kambi na kwenye makao makuu ya hifadhi pale Msembe, lakini maji ya kunywa, kupikia na akiba ya siku ya kukwama yawe ndani ya gari lako.

Tupige hesabu. Mtu mmoja kwenye joto la Oktoba anahitaji si chini ya lita 5 za kunywa kwa siku. Ongeza lita 5 za kupikia, kuosha vyombo na kunawa. Hizo ni lita 10. Familia ya watu wanne kwa siku nne ni lita 160, na lita 160 ni kilo 160, sawa na kubeba watu wazima wawili zaidi. Hapo wengi hushtuka, wakaanza kupunguza maji. Mimi nasema wapunguze vitu vingine: viti vya ziada, sufuria ya tatu, masanduku ya nguo, spika ya muziki ambayo hifadhini haina kazi. Maji yagawanywe kwenye madumu ya lita 20 badala ya pipa moja kubwa. Dumu likipasuka umepoteza lita 20; pipa likipasuka, safari imekwisha. Tena madumu yakae chini, katikati ya gari, yamefungwa kwa kamba.

Mafuta nayo yana hesabu yake. Kutoka Iringa mjini hadi Msembe ni takribani kilometa 130, kwa hiyo kwenda na kurudi ni 260. Mizunguko ya kutazama wanyama, tuseme kilometa 80 kwa siku kwa siku tatu, ni 240. Jumla ni kilometa 500. Land Cruiser ya dizeli iliyobeba mzigo, ikienda kwenye vumbi, mchanga na gia nzito, usiihesabie zaidi ya kilometa 6 kwa lita. Hapo ni lita 83 au 84, na ukiongeza akiba ya robo unafika lita 105. Mwenye tangi la lita 90 alilolijaza Iringa na dumu moja la lita 20 yuko salama. Jaza Iringa mjini, usiseme utajaza mbele. Na dumu la mafuta lisikae pamoja na abiria. Mvuke wake ndani ya gari lililofungwa vioo ni hatari, hasa kwa watoto.

Sasa saa. Wanaotoka Dar es Salaam hupenda kuahidiana kwamba watalala hifadhini siku hiyo hiyo. Nawasihi wasifanye hivyo. Dar hadi Iringa ni karibu kilometa 500, ukipita Morogoro, ndani ya Hifadhi ya Mikumi ambako lazima upunguze mwendo kwa ajili ya wanyama wanaovuka, kisha malori ya kwenda Zambia yanayopanda Kitonga kwa mwendo wa kinyonga. Hiyo ni safari ya siku nzima. Mlango wa hifadhi hufunguliwa saa 12 asubuhi na kufungwa saa 12 jioni, na usiku hairuhusiwi kuendesha gari ndani. Anayefika langoni saa 11 jioni akiwa amechoka atakwenda kambini mbio, atasimamisha hema gizani, na usiku wake wa kwanza, ambao ndio wenye hofu nyingi kwa wageni, utakuwa mbaya bila sababu.

Lala Iringa. Njiani, pale Ilula, nunua nyanya na vitunguu barabarani; ni vizuri, vinadumu, na pesa inabaki kwa mkulima. Asubuhi ingia Soko Kuu la Iringa kwa vilivyobaki. Barabara ya kwenda Ruaha inapita karibu na Kalenga, iliyokuwa ngome ya Mtwa Mkwawa, kiongozi wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani. Kwenye makumbusho madogo ya hapo limehifadhiwa fuvu lake, lililorejeshwa kutoka Ujerumani mwaka 1954, miaka 56 baada ya kifo chake. Mwenye watoto asipite bila kusimama. Ni nusu saa tu, nao watajua kwamba nchi wanayoingia ilipiganiwa na wenyewe muda mrefu kabla ya kuchorewa mipaka ya hifadhi.

Baada ya Kalenga unaendelea kupitia Idodi na Tungamalenga, huku ukishuka kutoka baridi ya Iringa kuingia joto la bonde. Pale ambapo barabara ni ya vumbi yenye mikunjo-mikunjo, gari hutetemeka mpaka nati zinalegea. Usishindane nayo. Ukifika kijijini Tungamalenga, shuka, kagua nati za magurudumu, tazama kama kuna dumu linalovuja, funga upya kamba za juu. Hapo ni mahali pa mwisho pa kununua kilichosahauliwa, na mahali pazuri pa kuuliza hali ya njia za ndani kwa madereva wanaotoka. Wanachokisema asubuhi hiyo kina thamani kuliko ramani yoyote uliyopakua kwenye simu, ingawa ramani nayo uipakue ukiwa bado mjini, maana mtandao wa simu ndani hupatikana hapa na pale tu.

Langoni hakupokelewi fedha taslimu. Malipo ni kwa kadi au kwa namba ya malipo ya serikali kupitia benki au simu, na mtandao ukisumbua utasubiri. Kwa hiyo maliza malipo na uhifadhi wa kambi kabla ya kuondoka mjini, na uliza kibali chako kinahesabiwa kwa saa ngapi, ili usijikute unadaiwa siku ya ziada kwa kuchelewa kutoka. Raia wa Afrika Mashariki chukueni vitambulisho vyenu vya taifa au pasipoti, kila mtu chake. Viwango vyetu ni sehemu ndogo tu ya anachotozwa mgeni wa nje, lakini bila kitambulisho huwezi kuthibitisha uraia wako.

Nimefika kwenye gari. La kukodi au la kwako, liwe na nguvu ya magurudumu yote manne, na liwe refu kutoka ardhini. Umri wake haunitishi. Land Cruiser ya miaka 20 iliyotunzwa ni bora kuliko mpya ambayo hakuna fundi wa Iringa anayeijua. Mpelekee fundi wiki tatu kabla ya safari badala ya siku moja kabla, ili kibaya kitakachogundulika kipate muda wa kununuliwa na kujaribiwa. Aangalie mipira ya rejeta, feni belti, beringi za magurudumu, shokapu, springi na betri. Kisha liendeshe mjini kwa wiki moja. Kinachotaka kuharibika kiharibike karibu na duka la spea.

Sehemu ninayoiona inapuuzwa kuliko zote ni tairi. Beba tairi za akiba mbili, zote zimejazwa na kukaguliwa, maana miiba na mawe ya kule hayana huruma. Beba kipima upepo na pampu ya umeme inayochomekwa kwenye betri. Upepo uliokufaa kwenye lami haufai kwenye mchanga. Ukikaribia kuvuka mto wa mchanga, punguza kutoka psi 35 hadi psi 20 hivi. Tairi itatanuka na kukaa juu ya mchanga badala ya kujichimbia. Ukishatoka kwenye mchanga, jaza tena kabla ya kwenda kasi, kwa sababu tairi laini ikiendeshwa kasi kwenye mawe hupata joto na kupasuka. Madereva wengi wanajua jambo hili na hawalifanyi, kwa kuwa kushuka na kupima magurudumu manne kunachosha. Kulichimbua gari saa moja kwenye jua la adhuhuri kunachosha zaidi.

Kwenye mchanga chagua gia nzito kabla ya kuingia, si baada ya kukwama. Ingia taratibu, usibadilishe gia katikati, usifunge breki, fuata alama za magari yaliyotangulia. Gari likianza kuzama na magurudumu kuzunguka bure, acha mafuta hapo hapo. Kila mzunguko mmoja zaidi unalizamisha. Rudi nyuma kwenye alama zako, toa upepo zaidi, jaribu tena. Na kwa magari ya zamani yenye vifungio kwenye vitovu vya magurudumu ya mbele, vifunge kwa mkono ukiwa bado kwenye ardhi ngumu. Visipofungwa, hata ukivuta gia zote, magurudumu ya mbele hayapati nguvu, na unaendesha gari la magurudumu mawili bila kujua.

Beba sepetu, kamba nene ya kuvutia, jeki nzuri na kipande cha mbao ngumu cha kuweka chini yake. Jeki bila mbao kwenye mchanga huzama yenyewe badala ya kuinua gari. Tairi ikitoboka kwenye kichaka, kaeni ndani kwanza, tazameni pande zote kwa utulivu. Mmoja abadilishe, mwingine asimame kulinda kwa macho tu, asisaidie kazi, asishike simu. Watoto wabaki ndani. Hairuhusiwi kushuka kwenye gari ovyo hifadhini, na dharura kama hii imalizwe haraka bila kutanga mbali na milango.

Kuhusu mvua sitasema mengi, kwa sababu ushauri wangu ni mfupi: mara ya kwanza usiende kati ya Desemba na Aprili. Udongo mweusi ukilowa hunata kwenye tairi mpaka gari lisisogee, baadhi ya njia hazipitiki, na maji ya korongo huwezi kuyapima kwa miguu pale ambapo mamba hupita.

Kama inawezekana, nendeni magari mawili. Kwangu hili si anasa. Gari la pili ndilo kamba ya kukuvuta, ndilo betri ya kukuwashia, ndilo la kumkimbiza mgonjwa Iringa. Ndugu wawili au marafiki wa kazini wakiungana, gharama ya vyombo, gesi na chakula nayo hugawanyika. Kabla ya kuondoka, mwachie mtu nyumbani karatasi yenye jina la kambi, tarehe ya kurudi na namba za simu za hifadhi.

Kambi ziko za aina mbili. Za umma zina choo, bafu na banda la kupikia, na unaweza kuzikuta zina wageni wengine. Kambi maalumu ni uwanja mtupu chini ya miti, wenu peke yenu, bila choo wala maji. Anayeanza achague ya umma. Zote mbili hazina uzio. Tembo hupita kambini, fisi hupita, na kiboko hutoka mtoni usiku kula majani. Hema lisisimamishwe kwenye njia iliyokanyagwa inayoelekea mtoni, wala ukingoni mwa maji hata kama mandhari ni ya kupendeza. Egesheni magari karibu na milango ya mahema.

Mnyama wa porini hana haja na hema lililofungwa zipu lisilo na harufu ya chakula. Kwa hiyo chakula chote, sabuni ya kunukia na takataka vilale ndani ya gari. Matunda hasa: tembo anapenda machungwa na maembe, na ameshajua kwamba watu hubeba. Nyani naye huja mchana, huiba mkate mezani mbele ya macho yenu. Fisi hubeba viatu na sufuria zilizoachwa nje. Kuni haziokotwi hifadhini, kwani mti uliokufa ni nyumba ya viumbe wengine. Beba jiko la gesi na mtungi uliojaa. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku nchini tangu Juni 2019, kwa hiyo fungasheni kwa makopo, vikapu na mifuko ya kitambaa, na kila taka irudi nanyi.

Usiku, jambo gumu kwa wengi ni choo. Kila mtu awe na tochi, na kabla ya kufungua zipu amulike kwanza. Macho yakirudisha mwanga, funga, subiri. Watoto wadogo wawe na ndoo ndani ya hema, bila aibu. Mkisikia tembo anavunja matawi karibu, kaeni kimya ndani. Hajawafuata ninyi, amefuata majani.

Mbung'o wanastahili kutajwa, maana wanauma kwelikweli na wanaweza kueneza malale. Huvutwa na kitu kinachotembea na rangi nyeusi na bluu iliyokoza, kwa hiyo vaeni kaki au kijivu, na mpitapo miomboni fungeni vioo. Malaria nayo ipo. Chandarua na dawa mlizoshauriwa na daktari visiachwe nyumbani.

Ratiba ya ndani iwe fupi kuliko mnavyotaka. Watu hupanga kumaliza hifadhi nzima kwa siku tatu, jambo lisilowezekana, na hutumia muda wote kwenye usukani. Chukueni eneo la Msembe na Mwagusi peke yake. Tokeni saa 12 alfajiri, rudini saa 4, pikeni, laleni wakati wa jua kali, tokeni tena saa 10. Mkipata dimbwi lenye maji, zimeni gari na mkae. Atakayekaa saa mbili kwenye dimbwi moja mwezi Oktoba ataona mengi kuliko atakayezunguka kilometa 150: pundamilia wanaosita kunywa, twiga anayepanua miguu ya mbele, na simba jike aliyelala kwenye kivuli ambaye mngepita mbio msingemwona.

Hifadhi hizi zinatunzwa kwa ardhi ambayo wazazi wetu waliiachia taifa, na vijiji kama Idodi na Tungamalenga bado vinaishi ukingoni mwake vikivumilia tembo mashambani. Inaniuma kwamba wengi wetu tunamjua tandala kwa picha za kalenda. Mwenye gari na likizo ya siku sita hana sababu ya kusubiri. Zungumza na familia moja nyingine wiki hii, chagueni tarehe kati ya Juni na Oktoba, lipeni kambi ya umma kwa usiku tatu, na gari lifike kwa fundi wiki tatu kabla.